Siti za ngozi: usianze na mafuta

Miezi yangu ya kwanza Dar niliharibu kanzu ya mteja. Siti zake zilitoka salama, kanzu ndiyo iliyokwenda na maji.

Yule bwana, ustadhi mmoja wa Kinondoni, aliniachia Toyota Crown yake Ijumaa asubuhi, siti za ngozi nyeusi, akitaka aende nayo msikitini ikiwa safi. Mimi nilikuwa nimetoka Tanga juzijuzi. Nimekulia Ngamiani, kwenye kibanda cha baba, fundi viatu, na nilijiona naijua ngozi kuliko vijana wote pale pa kuoshea magari. Nikapangusa vumbi, nikafungua kopo la dawa nyeusi ya viatu, nikapaka siti zote za mbele na nyuma, nikasugua kwa brashi mpaka ukaweza kujitazama. Ustadhi alifurahi, akalipa na ya soda juu. Saa nane mchana akarudi. Hakupandisha sauti. Alishuka, akanigeuzia mgongo, akasema, "Fundi, hebu nisomee, hapo pameandikwa nini?"

Mishono yote ya siti ilikuwa imejichora kwenye kanzu nyeupe, mabegani mpaka kiunoni, kama mhuri.

Nimeosha siti nyingi tangu siku ile, na mpaka leo mtu akiniuliza "fundi, nipake mafuta gani?" namwomba kwanza aniambie mara ya mwisho amezisafisha lini. Siti nyingi ninazoletewa zikiwa hoi hazikukosa mafuta. Zimepakwa mafuta juu ya uchafu, mwaka baada ya mwaka.

Ngozi ya kiatu na ngozi ya gari

Jioni ile nilimpigia baba simu. Alicheka kwanza. Halafu akasema, "Umeipaka rangi dawa ya viatu, mwanangu. Rangi itainywea wapi?"

Ngozi aliyozoea kushonea makubazi ni ile iliyosindikwa kwa magome ya miti, kama miwati inayopandwa kule Njombe. Iko wazi, ina kiu, ukiipaka mafuta inayanywa na kubadilika rangi mbele ya macho yako. Ngozi ya siti za gari, kwa sehemu kubwa, husindikwa kiwandani kwa kemikali, mara nyingi chumvi za kromu, kisha hupigwa rangi, na juu ya rangi hupigwa utando mwembamba wa plastiki usioonekana. Unapokaa kwenye Harrier au Mark X yako unakalia utando huo. Ngozi yenyewe iko chini, haijui hata kama umepanda gari. Ndiyo maana dawa ya viatu ilibaki juu ikisubiri kanzu.

Basi kazi yetu ni kuutunza ule utando. Maadui zake unawajua: mchanga unaosugua kama msasa kila unapojigeuza, chumvi ya jasho, mafuta tunayojipaka mwilini, na jua. Tazama siti ya dereva, pale pembeni palipoinuka upande wa mlango. Panachakaa kabla ya pengine pote kwa sababu kila unaposhuka unapaburuzia paja lako na funguo zilizo mfukoni.

Kabla hujaloweka kitambaa, ijue siti yako. Chukua tone la maji kwa ncha ya kidole, liweke mahali pasipoonekana, nyuma ya siti karibu na sakafu. Tone likikaa juu limejikunja kama la jasho, siti ina utando na maelezo haya yanakuhusu. Likizama na kuacha doa jeusi, unayo ngozi ya wazi, adimu kwenye magari yetu, na hiyo maji mengi ni sumu kwake. Ujue pia kwamba magari mengi yanayoitwa ya ngozi yana ngozi pale tu unapokalia na kuegemea. Ubavuni na nyuma ni plastiki iliyofinyangwa ifanane. Vinyweleo vya plastiki vimepangwa sawasawa kama vimehesabiwa, vya ngozi vinakwenda hovyo. Plastiki isafishe vivyo hivyo ila usiipotezee kondishena, ile dawa ya kulainishia ngozi.

Na kama siti yako ina manyoya mafupi unayoweza kuyachora kwa kidole, hiyo huenda si ngozi kabisa. Mara nyingi ni Alcantara, kitambaa cha nyuzi za viwandani. Mafuta yakigusa hapo, umeiua.

Vitu vya kuandaa

Klina, yaani dawa ya kusafishia, ya ngozi ya magari ndiyo bora, na chupa moja hukaa nawe muda mrefu. Ukiikosa, sabuni ya maji ya kuogeshea watoto, kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, itakuvusha. Uwe na ndoo mbili, ya maji yenye sabuni na ya maji matupu, taulo za maikrofaiba tano hivi za rangi nyeupe au nyepesi, na brashi laini. Brashi ya manyoya ya farasi ikikushinda bei, mswaki laini wa mtoto unafanya kazi, tena kwenye mishono unaishinda brashi kubwa.

Sabuni ya unga, sabuni ya mche, magadi na jiki viache kwenye beseni la nguo. Asili ya ngozi ni chachu kidogo, na vitu hivyo vyote ni vikali kwa upande wa pili, wa alkali. Vinaipukutisha rangi na kuikausha ngozi kwenye mishono, ambako utando una matundu ya sindano. Petroli na spiriti zinaondoa uchafu kweli. Zinaondoa na rangi.

Mafuta ya nazi nayo nitayasema hapa ili tuyamalize. Dada mmoja wa Upanga alikuwa akizipaka siti zake nazi kila Jumamosi, kwa mapenzi kabisa. Alipoleta gari, jua la saa saba, nilifungua mlango nikakutana na harufu ya machicha yaliyochacha. Vumbi lilikuwa limenasa kwenye kila mkunjo likawa kama ugoro. Nilisafisha mara tatu ndipo rangi ya maziwa ikaonekana. Mafuta ya mgando ni hadithi ileile. Na ile dawa ya kupulizia ya kung'arisha dashibodi, yenye silikoni, usiisogeze karibu na siti: inateleza, mtoto akikaa hapo ukafunga breki anakwenda mbele kama samaki, na siku utakayotaka kupiga siti rangi upya, rangi haitashika.

Kusafisha kwenyewe

Egesha kivulini, fungua milango yote, siti ipoe. Ukianza juani, sabuni inakauka kabla hujaipangusa na kuacha ramani.

Anza na uchafu mkavu. Nyonya vumbi kwa mashine, au kwa brashi na subira, na sehemu ya kuhangaikia ni ule mfereji kati ya pa kukalia na pa kuegemea. Tia mkono ufungue mfereji, mkono mwingine ushike mpira wa mashine. Humo mimi nimetoa sarafu, kokwa za tende, maganda ya karanga, na pini za ushungi zisizo na idadi. Pini moja iliyosahaulika ikiburuzwa na brashi inachora mstari usiofutika. Mchanga wa Coco Beach nao una desturi ya kujificha kwenye mishono, na ukiupaka maji kabla ya kuutoa umejitengenezea msasa wako mwenyewe.

Hapa nina ugomvi na vijana wanaopiga siti kwa mashine ya presha. Siti ya siku hizi ina umeme. Chini yake kuna nyaya za mkanda, pengine mota na kihisi cha kujua kama kuna mtu amekaa, na ubavuni kuna mfuko wa hewa, utaona kalebo kameandikwa "airbag". Maji yakiingia huko taa ya mfuko wa hewa itawaka kwenye dashibodi na utaishia kwa fundi umeme. Zile soketi za njano chini ya siti usizichomoe, hata kama zinakuzuia kusafisha.

Sasa chukua kipande kidogo cha siti, ukubwa wa sahani. Weka klina kwenye brashi, siyo kwenye siti, itoe povu, kisha zungusha mkono taratibu bila kukandamiza. Kinachofanya kazi ni povu, brashi inalisindikiza tu. Kabla povu halijakauka, pangusa kwa taulo yenye unyevu wa maji matupu, iliyokamuliwa mpaka haidondoki, kisha pitisha taulo kavu.

Halafu simama uitazame taulo. Hii ndiyo siri yangu pekee katika kazi nzima. Siti ya rangi nyepesi kama beji, mpanguso wa kwanza utatoa rangi ya chai ya rangi, kahawia yenye ujivu. Huo ni uchafu, rudia. Wa pili utatoa rangi ya mchanga. Wa tatu taulo itatoka na kivuli tu, hapo acha, nenda kipande kinachofuata. Lakini taulo ikianza kutoka na rangi ya siti yenyewe, siti nyekundu inatoa wekundu, siti nyeusi inatoa weusi wa wino, weka brashi chini. Ama utando umekwisha pale, ama aliyekutangulia alipaka dawa ya viatu kama mimi. Jaribu kwa taulo ya maji matupu bila kusugua. Ikiendelea kutoka baada ya mara mbili, ni utando, na hapo panahitaji kupigwa rangi upya.

Geuza taulo kila mara, ikichafuka pande zote chukua nyingine. Sehemu za kurudia ni pembeni mwa dereva, pa kuegemezea kichwa, maana mafuta ya nywele yote yako hapo, na pa kuwekea mkono. Siti yenye vitundu vidogo vidogo usiirushie maji wala klina moja kwa moja, itapenya kwenye sponji na kutoa harufu baada ya siku mbili. Taulo yenye unyevu kidogo inatosha, na kitundu kilichoziba kizibue kwa njiti ya meno ya mti.

Ukimaliza, siti itakuwa imefifia. Wateja wengi hulalamika hapa: "Fundi, mbona haing'ai?" Siti nyingi za ngozi zilitoka kiwandani hivyo. Kung'aa ulikokuwa ukikuona asubuhi kulikuwa mafuta ya migongo ya watu.

Iache ikauke saa moja hivi, milango wazi. Usiiharakishe kwa mashine ya kukaushia nywele.

Kondishena, kwa kiasi

Nitakuwa mkweli ingawa nauza huduma hii. Kwenye siti yenye utando, kondishena haiingii ndani sana. Utando upo kuzuia vitu visiingie. Faida yake ni kulainisha ule utando, kupunguza msuguano wa nguo, na kupenya pale palipo wazi, kwenye mishono na kwenye nyufa changa. Hiyo ni faida ya kweli, ila haihitaji nusu chupa.

Weka kwenye kitambaa kiasi cha sarafu ya shilingi mia mbili. Kinatosha pa kukalia pote. Sambaza kwa mizunguko midogo mpaka usione weupe wa dawa, acha dakika kumi na tano au ishirini, kisha pangusa yote iliyobaki kwa taulo kavu safi. Yote. Kiganja kikipita kisihisi utelezi wala unato. Kama unahisi kitu, hujamaliza kupangusa. Chagua kondishena nyepesi ya maji isiyo na silikoni, na ikiwa na kinga ya jua, afadhali zaidi kwa gari linalolala nje.

Gari la nyumbani, kondishena mara mbili kwa mwaka, kusafisha kila miezi mitatu, na kupangusa vumbi kwa taulo yenye unyevu kila wiki. Gari la abiria, safisha kila mwezi.

Nyufa zilizokwisha funguka hazifungwi na mafuta yoyote. Muuzaji atakayekuambia zinarudi, mwonyeshe mlango. Nyufa hujazwa kwa dawa ya kuziba, zikasuguliwa, zikapigwa rangi, au kipande kikabadilishwa na mshona siti.

Madoa yenye sababu zake

Rangi ya jinzi kwenye siti nyepesi ndiyo inayoniletea wateja wengi. Jinzi mpya, jasho, foleni ya Ubungo, na siti ya maziwa inageuka samawati. Ikiwahiwa ndani ya siku chache, klina na brashi, mara tatu au nne, inatoka. Ikikaa miezi inazama kwenye utando wenyewe. Utashauriwa utumie lile sponji jeupe la kufutia kuta. Ni msasa laini lile, litatoa samawati pamoja na utando, na jinzi ya wiki ijayo itaingia moja kwa moja.

Wino wa kalamu ujaribu kwa klina mara moja tu. Ukikataa, afadhali doa dogo kuliko kipara kikubwa cha spiriti.

Pilau ikimwagika, chota wali, kandamiza karatasi laini inyonye, usisugue. Kisha nyunyiza poda ya mtoto, iache usiku kucha, ipanguse asubuhi. Jojo iwekee barafu ndani ya mfuko mpaka igande, ibandue kwa ukucha.

Hina ni habari nyingine. Watu wamekuwa wakitia ngozi rangi kwa hina tangu zamani, kwa hiyo usitegemee itaionea huruma siti yako. Nimeona gari la harusi lenye alama ya kiganja kizima cha bi harusi, vidole vitano vimekaa vizuri kabisa kwenye pa kuwekea mkono, na hakuna nilichoweza kufanya. Siku ya harusi tandika khanga mbili kabla bibi hajapanda. Nyeusi, kama ipo.

Masika

Mvua za Machi mpaka Mei ndizo msimu wa ukungu. Unarudi safari, unafungua gari, siti ina vumbi jeupe kama limepigwa poda. Usilipanguse ukiwa ndani, utalivuta puani na kulisambaza. Fungua milango, vaa barakoa, litoe kwa brashi kavu kuelekea nje, kisha pangusa kwa kijiko kimoja cha siki nyeupe kwenye glasi ya maji, halafu maji matupu, halafu kausha. Siti za kitambaa na zulia navyo vichunguze. Zulia la mbele upande wa abiria likiwa limelowa, tazama mrija wa kutolea maji ya kiyoyozi kabla ya kulaumu mvua, mara nyingi umeziba kwa tope. Usipoutibu huo, utakuwa unafuta ukungu kila wiki.

Na tafadhali, nailoni. Kuna watu wamenunua gari, siti bado zina nailoni, na wameziacha miaka miwili wakiamini wanazitunza. Unyevu unaingia pembeni na hautoki. Nilimvulia mzee mmoja nailoni zake mbele yake, ukungu ulikuwa umechora maua chini yake. Alikaa kimya muda, kisha akaniambia, "Nilikuwa namtunzia mwanangu."

Ustadhi bado ni mteja wangu. Kanzu nilimlipa kwa awamu tatu. Analeta gari Alhamisi jioni, na nikimaliza hasemi neno: anatoa leso nyeupe mfukoni, anaikandamiza kwenye mgongo wa siti ya dereva, anaiburuza toka juu hadi chini, anaisogeza mwangani na kuigeuza pande zote mbili. Ikiwa nyeupe anaikunja na kukaa. Nami sasa ndivyo ninavyozijaribu siti zote kabla mwenyewe hajaja, kwa leso yangu.